Kitui hadi Makindu kwa Ndege, Pamoja na Mbuzi

Niliondoka Kitui kwa sababu ya mbuzi. Mutua, mtoto wa marehemu kaka yangu, alikuwa anaoa Makindu, na kwetu Wakamba mbuzi wa ntheo wasipopelekwa kwao msichana na kuliwa huko, huyo bado si mke, hata mkizaa timu nzima ya mpira. Kaka hayupo, kwa hiyo kusimama kama baba ilikuwa kazi yangu, nami nilitaka kuifanya kwa kishindo. Simu iliniambia kwamba kutoka uwanja wa ndege wa Kitui hadi wa Makindu ni chini ya nusu saa angani. Papo hapo nikampigia Mzee Nzioka, baba wa msichana: "Mtupokee uwanjani. Tunakuja na ndege."

Asubuhi, uwanjani Kitui, Mutua alitushusha kutoka kwenye pikapu yake: mimi na suti, mke wangu Kalunde, na mbuzi walioogeshwa kwa sabuni. Palikuwa na nyasi, punda, na askari akinywa uji.

"Ndege ya Makindu inatoka saa ngapi?"

Askari aliwatazama mbuzi kwanza. "Mzee, hapa ndege inakuja na mheshimiwa wake. Ya kubeba watu hakuna. Hiyo simu imekupimia tu umbali."

"Na mbuzi ungewakalisha wapi, dirishani?" Kalunde akauliza. Swali hilo alikuwa amelitunza tangu juzi.

Tukapanda tena pikapu: Mutomo, kisha Ikutha. Kalunde alikaa mbele na Mutua, mimi nyuma na mbuzi. Barabara ni ya lami, sina la kuisingizia. Mbuzi mmoja alikula ncha ya tai yangu. Ningeweza kuwapigia wakwe; chaji ilikuwepo, uso wa kuwaambia ndio uliokosekana.

Alasiri, Makindu. Wakwe walikuwa uwanjani kweli, akina mama wa kanisa wakiwa na vitenge sare, wanaimba huku wakitazama juu. Tulisimama nyuma yao, hakuna aliyegeuka mpaka mbuzi akalia. Wimbo ukakatika.

"Tumeangalia juu mpaka shingo zimekataa kurudi," Mzee Nzioka akasema. "Mnatucheza? Hizo mbuzi zenu mtarudi nazo."

Mutua alishika mlango wa pikapu. Nikaogopa. Kaka aliniachia mtoto mmoja tu, na sasa majigambo yangu yalikuwa yanamnyima mke.

"Mzee, ndege haikuwepo," nikasema. "Ilikuwa tu mdomo wangu."

Aliwageukia akina mama wa kanisa. "Basi kuna faini. Hawa mama walitoka nyumbani kupokea ndege. Hawarudi bila kuiona."

Nilielewa. Nikapiga hatua hadi mwisho wa uwanja, nikatandaza mikono, nikaja mbio nikinguruma, suti na umri wangu wote. Vigelegele vilipasua anga. Mzee Nzioka alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi, kisha akashika kamba ya mbuzi kwa mkono wake mwenyewe. Jua halijazama nyama ilikuwa motoni.

Kesho yake tulirudi kwa pikapu ileile. Nilichojifunza ni kwamba umbali wa angani ni wa kunguru. Mtu anayekwenda kwa wakwe apime wa barabara. Tulipoingia Kitui simu ililia. Ilikuwa Mwende, bibi harusi, ambaye hadi juzi aliniita "mzee" kwa adabu.

"Baba," akasema, "mmetua?"