Bilhah Hageuzi Mwanga Siku ya Sabato

Ni Ijumaa, saa kumi na moja jioni, na Bilhah Mongina ana haraka. Kabla jua halijazama juu ya mashamba ya chai ya Kericho, lazima amalize kupanga safari za data za kesho nzima. Baada ya hapo hatagusa kompyuta, na bosi wake anajua hivyo.

Bilhah ni fundi katika kituo cha data kinachohudumia viwanda vya chai. Hesabu ya kilo za kila mkulima hutumwa hapa kutoka kwenye mizani za vituo vya kupokelea majani ya chai. Swichi anayoisimamia, mtambo wa kugawa njia za data, ni ya mwanga: ndani yake, vioo vidogo hugeuka na kuelekeza mwanga unaobeba data kutoka waya mmoja wa faiba hadi mwingine.

"Kioo kikigeuka, hiyo njia imefungwa kidogo," anaeleza. "Ukigeuzageuza ovyo, kila mtu anangoja. Kwa hivyo unapanga mapema nani anapita saa ngapi."

Kupanga kwenyewe huanza kwa simu. Anampigia Masese, karani wa kituo cha majani cha Silibwet. Mvua imenyesha? Wachumaji ni wengi? Majani yakitarajiwa kujaa, Silibwet hufunguliwa njia kwa muda mrefu zaidi.

Kinachomtia matatani ni Jumamosi. Bilhah ni Msabato. Mwezi uliopita meneja wake, Jackton Ouko, alimwambia achague: aje Jumamosi au arudishe kadi ya mlango. Bilhah akaiweka kadi mezani, na Jumamosi akaenda zake kanisani.

Na siku hiyo mambo yaliharibika kweli. Lori la majani lilikwama kwenye matope, majani yakapimwa wakati njia ya Silibwet imeshafungwa, na hakukuwa na fundi wa kuifungua tena. Wakulima walikaa hadi giza wakingoja kilo zao kwenye simu, wengine wakiamini wameibiwa.

"Niliumia sana," asema Bilhah. "Hao ni watu wetu. Lakini singetoka kanisani, na hata kesho sitoki."

Jackton hafichi hasira yake. "Ni fundi mzuri, lakini mteja hajui Sabato." Alimrudishia kadi kwa onyo: ikitokea tena, ndio basi.

Bilhah hakuomba msamaha. Alianza kumfundisha Dorine, mwenzake wa ofisini anayesali Jumapili. Dorine atashika zamu ya Jumamosi, naye Bilhah atamshikia ya Jumapili. Kampuni haijakubali, lakini wao wameshaanza.

Jackton anachungulia mlangoni. "Kesho nani yuko?"

"Dorine."

"Dorine hayuko kwa zamu."

"Basi mwandike."

Jackton anaondoka. Bilhah anachukua mkoba wake. Anatumaini kampuni itaikubali zamu hiyo rasmi, ili Msabato mwingine akiajiriwa hapa asipitie haya.

Haogopi kufutwa?

"Naogopa. Niko na watoto shuleni," anasema, akifunga kabati. "Lakini wakitaka kunifuta, wanifute Jumatatu. Jumamosi hawanipati."