Nilipoingia Nyumbani kwa Baba Mkwe

Mpaka leo nikikikumbuka kile kikao damu inanichemka.

Kwetu Kyela, katika familia zinazoshika mila, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe wake. Ukimwona anakuja njiani, unaingia migombani mpaka apite. Humsemeshi, humtazami usoni, na nyumbani kwake huingii akiwamo. Nilipoolewa Mwaya niliishika mila hiyo kwa heshima zote.

Mume wangu tulipendana, nisidanganye. Shida ilikuwa chumbani. Akichoka yeye, amechoka, namwacha alale. Nikichoka mimi, nimeshinda nikipalilia mpunga mgongo umepinda, basi ataniambia nina bwana huko mjini Kasumulu. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Baada ya kofi la kwanza aliniambia ni wivu, ananipenda mno. Upuuzi mtupu.

Asubuhi moja, sijawasha hata moto, alinitaka nikakataa. Akanipiga ngumi ya mdomo na ya jicho, akavua mkanda. Nikakimbia. Mlango uliokuwa karibu ni wa baba mkwe, nikaingia, nikajibanza nyuma ya kiti alichokalia akinywa chai. Mzee akajifunika uso, akatoka mbio kuliko mimi.

Wakaitisha kikao. Midomo yangu imevimba, jicho moja halifunguki, na wazee wa pande zote mbili wanaulizana nimepata wapi ujasiri wa kuvunja mwiko. Baba yangu, aliyekuja na bodaboda kutoka Ikolo, akaambiwa alete ng'ombe wa kuisafisha nyumba ndipo nipokelewe tena. Akainamisha kichwa, akakubali.

Nikauliza, "Na kupigwa kwangu je?"

Shangazi wa mume wangu akanijibu kwa upole kabisa, "Hayo ni ya chumbani, mwanangu. Yamalizeni huko huko."

Nilichotaka kwao ni neno moja tu, mwanaume yule aambiwe asinipige tena. Wangelisema, ningebaki.

Nikainuka. Nikapita katikati yao mpaka kona alikotengwa baba mkwe ili tusionane, nikamtazama machoni mbele ya watu wote.

"Baba, mwanao ananipiga nikimkatalia. Mkataze."

Wanawake wakaguna. Mzee akageuzia uso ukutani, na mume wangu akatabasamu.

Baba yangu akanivuta mkono, akanisihi niombe radhi. Nikamwambia, "Ng'ombe wako mwache zizini, Baba. Hapa hakuna tena mke wa kusafishiwa nyumba."