Akifungua Kosa, Akifunga Kosa

Saa moja kasoro robo asubuhi, Roselida Okwara anafagia mbele ya kibanda namba kumi na tisa katika soko dogo karibu na mpaka, Busia, ingawa hakuna aliyepachafua. Anaweka sufuria mbili tupu juu ya mafiga baridi, anaketi kwenye kigoda na kukunja mikono. Leo ni siku ya ishirini na nne hajauza uji.

"Ngoja tu uone," ananiambia. "Saa hii askari atakuja kuniuliza nafanya nini. Nafanya nini? Si nimekaa!"

Amepika uji wa wimbi hapa kwa miaka kumi na moja. Wateja wake ni vijana wanaobeba watu kwa baiskeli kuvuka mpaka na akina mama wa samaki kutoka Budalang'i. Kikombe ni senti thelathini. Siku njema hurudi nyumbani Burumba na shilingi kumi na mbili, na tangu mumewe afariki mwaka 1969, ndizo zinazosomesha watoto wanne.

Kipindupindu kilipoingia Machi mwaka huu wa 1975, baraza linalosimamia soko lilipiga marufuku kuuza chakula kilichopikwa, pamoja na mkusanyiko wowote wa watu zaidi ya kumi. Roselida hakubisha. Amemzika jirani yake kwa ugonjwa huo.

Kilichomkera ni barua ya pili, ya baraza lile lile. Inamkumbusha kwamba kibanda kisichotumika siku thelathini hupewa mtu mwingine. Nimeisoma mara mbili nikidhani macho yananidanganya.

"Sasa huyo mtu mwingine atapika nini?" anauliza Roselida. "Ama kipindupindu kinajua sura yangu peke yangu?"

Juzi nilimsindikiza kwa karani wa soko, Paulinus Wandera. Karani ni mpole, na upole wake unachosha. Alisema kutumia kibanda maana yake ni kuuza. Kitabu chake hakina mahali pa kuandika mtu aliyekaa bure. Wanaoweza kubadilisha sheria ni madiwani, wakiwa kikaoni.

"Na kikao ni lini?" Roselida aliuliza.

"Kimeahirishwa, mama. Madiwani ni ishirini na wawili. Wanapita kumi."

Roselida alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilikasirika, na bado nimekasirika.

Askari wa baraza, Ojakol, anafika kweli. Ni mtu mrefu wa kabila la Wateso aliyekunywa uji wa Roselida miaka mingi, na anaonekana kuona haya.

"Mama, tena? Leo unauza?"

"Nitauza nini na moto hakuna?"

"Basi vizuri. Ungekuwa unauza ningekuandika. Jina, namba ya kibanda, kitu unauza. Faini shilingi ishirini."

Roselida anainuka polepole kutoka kwenye kigoda.

"Unaandika namba ya kibanda?"

"Ni lazima."

"Na kwamba nilikuwa nauza hapa?"

"Si ndiyo kosa lenyewe?"

"Hiyo karatasi inaenda wapi?"

"Moja kortini, moja kwa Wandera."

Kwa mara ya kwanza asubuhi hii, uso wa Roselida unakunjuka. Anahesabu kwa vidole, kisha ananigeukia.

"Jumapili itakuwa siku ya ishirini na tisa. Nitachemsha kikombe kimoja tu, kichemke sana. Wewe utanunua." Kisha anamwambia askari, "Na wewe Ojakol, tafadhali, siku hiyo usichelewe."