Sikio Langu la Kushoto

Sikio langu la kushoto lilianza kutoa usaha wakati wa kupalilia mpunga. Mimi ni mama lishe, mtaa wa Viwanja Sitini, na niliona aibu kufunga kibanda kwa ajili ya sikio. Nikaweka pamba, nikaendelea kukaanga samaki. Wiki ya pili nyuma ya sikio pakavimba, sikio lenyewe likasukumwa mbele, homa ikanipanda. Mume wangu hakubishana nami tena. Alizima jiko, akaita bajaji.

"Shikamoo, mama," daktari alinisalimu hospitalini kabla ya kunigusa. Alikuwa binti, umri wa mwanangu wa kwanza. "Maambukizi yameingia kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Usaha huu tunautoa leo. Tukiuacha, utaelekea kwenye ubongo."

Nilizinduka baada ya upasuaji, kichwa kikiwa kimefungwa bendeji. Zikafuata sindano za mshipa na kusafishwa kidonda kila asubuhi. Nililia bila kujificha. Siku ya nne maumivu yakalegea, ndipo nikamtambua jirani yangu wa kitanda, mama wa Kisukuma aliyevunjwa mguu na ng'ombe wake mwenyewe. Alilala upande wangu usiosikia.

"Mwangaluka!" alinisalimu kwa lugha yao.

"Wali na maharage," nikajibu. Nilidhani ananiuliza tumeletewa chakula gani.

Alicheka mpaka akaushika mguu kwa maumivu. Kuanzia hapo wodi nzima ikawa inanisalimia "Wali na maharage!" nami naitikia kwa heshima zote.

Siku ya kufunguliwa bendeji, daktari alisimama nyuma yangu, akaliziba sikio langu la kulia, lile zima, kwa kidole.

"Nitanong'ona upande wa kushoto. Wewe rudia."

Wodi ikanyamaza. Akanong'ona.

"Kambale," nikasema.

Akanong'ona tena.

"Perege."

La tatu lilinichukua muda kidogo. "Kitoga! Lakini daktari, samaki kitoga mkubwa siku hizi unampata wapi?"

Vigelegele vilipigwa hadi muuguzi akaja kuchungulia. Mama wa Kisukuma alipiga magongo yake sakafuni.

Niliruhusiwa kutoka nikiwa na vidonge, na onyo la kutoingiza maji sikioni. Ndani ya bajaji mume wangu alikaa kushoto kwangu, akawa ananong'ona njia nzima hadi nyumbani, eti ananipima. Nilisikia yote, na mengine siwezi kuyaandika hapa.