Upande wa Bomu

Chumba chetu cha Karama, ughaibuni katika nchi ya Waarabu, kilikuwa na watu sita na sheria moja ya Ijumaa. Wa msikitini wakisharudi, na sisi wa kanisani, ambao huku nasi tulisali Ijumaa, tukisharudi, tulifanya mdahalo, na aliyeshindwa alipika na kuosha vyombo. Sheria ile niliileta mimi. Nilikuwa bingwa wa midahalo sekondari kule Kakamega, na huku nilikuwa askari wa kufungulia watu mlango wa hoteli. Ijumaa ndiyo siku pekee niliyosikilizwa, na nilijipenda mno nikiongea.

Agosti ya mwaka mmoja runinga ilionyesha wazee wa Hiroshima wakiweka maua. Mzee wetu wa Kizanzibari, fundi cherehani tuliyemfanya spika kwa heshima ya mvi zake, akasema hoja imepatikana: je, ni halali kutumia bomu la atomiki ili vita viishe? Akaandika vikaratasi viwili, akavitia ndani ya kofia yake. Mimi nikachota "halali". Mwenzangu wa kitanda cha juu, Msomali wa Garissa aliyefanya kazi ya kupanga mizigo ghalani, akachota "si halali".

Sote tulijua kwamba mama yake alikuwa ng'ambo ya mpaka, katika mji mdogo ulioshikwa na wapiganaji, na amekataa katakata kuiacha nyumba yake. Kila asubuhi, kabla basi la kampuni halijafika, mwenzangu alimpigia simu kumwomba aondoke. Mimi sijui Kisomali, lakini mtu akimsihi mamake huna haja ya kutafsiriwa.

Hata hivyo niliongea. Nilisema vita virefu huua watu wengi kuliko pigo moja. Nilisema adui asiyetaka kusalimu amri ndiye anayewaua watu wake mwenyewe. Nikamalizia kwa ile sauti yangu ya kushusha taratibu, kwamba mji mmoja ukifa ili nchi nzima ipone, hiyo nayo ni huruma. Wakapiga meza. Naona aibu kusema jinsi nilivyofurahi.

Yeye aliposimama alisema kuna watu hawahami kwa sababu tu hawajui mbuzi wao watabaki na nani. Kisha akakwama. Spika akamwambia aendelee, bado ana muda.

"Khalas, mzee," akasema. "Nimemaliza."

Mikono yote mitatu ya wapiga kura ilikuja kwangu. Akapika wali na maharage, akanipakulia mimi kwanza, kama ilivyokuwa desturi kwa mshindi.

Wiki ya tatu baada ya mdahalo ule, ndege zikaupiga ule mji. Redio ilisema pigo lile litaharakisha mwisho wa vita. Mama yake alikuwa nyumbani, na habari zilipomfikia mwanawe, mama alikuwa ameshazikwa. Mwenzangu akaomba kusafiri, lakini pasipoti yake ilikuwa kwa kafeel, mwajiri aliyemdhamini, naye kafeel alisema inshallah, mwezi ujao.

Ijumaa ile hapakuwa na mdahalo. Tulitandika mikeka, mzee akasoma Yasini, wafanyakazi wa ghalani wakaja kumpa pole mfiwa. Mimi nikajitenga jikoni kupika chai na kuosha vyombo bila kuambiwa na mtu. Mfiwa akanifuata, akasimama mlangoni.

"Siku ile," akasema, "uliamini uliyoyasema?"

Nilishukuru kuulizwa. Nilidhani ananipa nafasi ya kuomba radhi.

"Hapana kabisa, ndugu yangu. Nilichota karatasi tu. Ningechota ile nyingine, ningesema kinyume chake, na ningeshinda vilevile."

Akapunguza moto chini ya sufuria ya chai.

"Heri ungekuwa umeyaamini," akasema. "Anayeamini, labda mtu angeweza kumbadilisha mawazo."

Mimi bingwa nikamimina chai. Akachukua vikombe, akawapelekea wageni. Vita vile havijaisha hadi leo.