Tuta Chini ya Mteremko

Jumatatu nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja ya kata, Bunda. Mbele yangu muuza maziwa alikuwa akilalamikia tuta jipya la barabarani, lililowekwa chini ya mteremko.

"Mzee, linazuia ajali," ofisa alimwambia.

"Watoto wanavukia kule juu kwenye shule, siyo chini! Nilikuwaga naachia baiskeli, ile kasi inanipandisha nusu ya kilima cha mbele bila kunyonga. Sasa nafunga breki, nguvu zangu zote zinaishia hapa." Akaweka mezani raba mbili za breki zilizolika.

Mwalimu wangu wa fizikia alituapia kwamba nishati haipotei, hubadilika tu. Jumatatu ndipo nilipoona inakoenda.

Ofisa akazigeuzageuza zile raba, akatabasamu. "Basi kesho nitakuja na gari, nipaone."

"Njoo na baiskeli," mzee akamjibu.