Neno Lililonitoka Botini

Nilikuwa nimewahesabu wanafunzi mara nne kabla basi halijatoka langoni, na bado sikuiamini hesabu yangu. Thelathini na wanane. Niliposhuka kuwahesabu mara ya tano kupitia madirisha, naibu wa mwalimu mkuu, ambaye ndiye aliyeongoza ziara, alinicheka.

"Mwalimu, hawa wataenda wapi? Hata injini haijawaka."

Sikumwambia kwamba si wanafunzi walionikosesha utulivu. Ni Kisumu.

Shule yetu iko katikati ya miwa, si mbali na Muhoroni. Gredi ya sita walikuwa wameisubiri safari ile muhula mzima, maana wengi wao hawakuwa wamewahi kuliona ziwa kwa karibu. Mimi nililiona kila siku hadi nilipofika miaka tisa. Wazazi wangu walitoka upande wa Murang'a wakafungua duka la vitambaa na nyuzi mjini Kisumu, na hapo ndipo nilipozaliwa. Nilicheza na watoto wa majirani mpaka Kijaluo kikanikaa ulimini kuliko lugha ya nyumbani. Mama akiniita kwa Kikuyu, namjibu kwa Kijaluo. Kisha ukaja uchaguzi uliogeuka vurugu. Tuliondoka asubuhi moja juu ya lori, na magodoro mawili na cherehani. Mama akaniambia, "Huko tuendako usiongee hiyo lugha." Sikuuliza kwa nini. Sikuiongea tena.

Nilipopangiwa kazi Muhoroni, nikiwa mtu mzima, niliona kama mtu ananitania. Siku yangu ya kwanza katika chumba cha walimu, naibu alinipa mkono, akatabasamu vizuri kabisa, kisha akawaambia wenzake kwa Kijaluo kwamba huyu hamalizi muhula. Joto na mbu vitamrudisha kwao mbio. Wakacheka. Ningemjibu palepale tungecheka wote, na mambo yangeishia hapo. Lakini nikauliza kwa Kiswahili, "Mnasema nini?"

"Tunasema karibu sana, Mwalimu."

Akanidanganya, nami nikamdanganya zaidi. Baada ya wiki moja niliona haya kukiri. Baada ya mwaka haikuwezekana tena. Miaka miwili nilisikia yote: kwamba natembea kama mtu anayekwepa matope, kwamba chai yangu ni maji ya kuoshea vikombe. Watoto nao walinijadili mbele yangu bila wasiwasi. Msichana mmoja wa dawati la mbele, mwenye akili na mdomo, aliwahi kumwambia jirani yake, "Huyu anafanana na mtu anayelia akifika nyumbani." Niligeuka nikaandika ubaoni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Basi lilikwama nyuma ya matrekta ya miwa karibu saa nzima. Watoto waliimba, mimi nilisimama, nikakaa, nikasimama. Mjini tulianza na makumbusho, ambako walibishana na mlezi wa kobe kuhusu umri wa kobe huyo. Halafu tukaingia kwenye jengo la maduka lenye ngazi za umeme. Nusu ya darasa iligoma kuzipanda, na yule msichana akazitazama kwanza kama mtu anayepima kina cha mto, kisha akaruka kwa miguu yote miwili na kupaa akipunga mkono. Wote wakamfuata. Ilibidi tuwangoje wapande na kushuka mara tatu.

Mimi nilikuwa nikitazama nyuso za watu wazima. Kila mama wa makamo aliyepita niliona kama namjua. Nilitamani mmoja wao anisimamishe, na nilimwomba Mungu asinisimamishe yeyote. Nikawahesabu wanafunzi tena.

Ziwani tulifika saa nane, kwenye ufuo wa wavuvi nje kidogo ya mji. Ratiba ilisema watazame, waandike maswali, waulize kuhusu samaki na magugu maji. Haikutaja boti. Lakini naibu aliziona boti akasisimka kuliko watoto.

"Watu watoke kwenye miwa mpaka hapa, warudi bila kuelea hata kidogo?"

"Barua za wazazi hazikusema boti," nilimwambia.

"Zilisema ziwa."

Nilibisha, lakini sikubisha vya kutosha. Tulipatana kwamba waende kwa makundi mawili, kila mtoto na jaketi ya kuelea. Kundi la kwanza lilienda na kurudi likipiga vigelegele. Mimi niliingia na la pili, pamoja na naibu, ambaye alikuwa anakwenda kwa mara ya pili. Mwendeshaji alikuwa mzee mwembamba aliyevaa kofia ya sufu katika lile joto. Aliniona ninavyoushika ubao wa kukalia.

"Madam, tulia. Hii boti imebeba watu wazito kushinda hawa."

Kwa muda ilikuwa raha. Maji yalikuwa ya rangi ya udongo, ndege weupe wamesimama juu ya magugu. Kisha mtoto mmoja akapiga kelele, "Kiboko!"

Kiboko mwenyewe alikuwa mbali, masikio tu na mgongo. Lakini watoto kumi na tisa waliinuka kwa pamoja na kukimbilia upande wa kushoto, na naibu akainuka nao, simu mkononi, atafute picha. Boti ikalala ubavu. Maji yakaruka ukingo na kutufikia vifundoni, baridi. Mzee alikuwa akipiga kelele nyuma, lakini injini ilimmeza sauti. Nilimwona mtoto mdogo kuliko wote akiteleza kuelekea ukingoni na hana cha kushika.

"Beduru piny!" nikasikia sauti. "Beduru piny, un duto!"

Kaeni chini, kaeni chini nyote. Ilikuwa sauti ya akina mama wa mtaa wetu wa zamani, ile wanayoitoa watoto wakikaribia jiko la moto. Ilitoka kifuani mwangu, wala sikuichagua. Kila mtu akaketi. Mtoto yule mdogo aliketi palepale alipokuwa, majini, nami nikamkamata jaketi. Hata naibu aliketi, kwenye ubao uliolowa, simu ameinua juu. Boti ikayumba mara moja, mara mbili, ikasimama sawa. Mzee akazima injini.

Tulisikia maji tu yakigonga mbao.

Yule msichana ndiye aliyeanza, kwa Kijaluo, taratibu, kama anayejaribu ufunguo kwenye kufuli. "Mwalimu, kumbe unasikia?"

"Nasikia," nilimjibu kwa lugha ileile. Ulimi ulikuwa mzito, ukijikwaa.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujazaliwa."

Niliona hesabu ikipita usoni mwake, siku baada ya siku, dawati la mbele. Akaivuta jaketi ya kuelea mpaka ikamfunika pua, akaanza kulia. Na wengine nao walikuwa wakikumbuka. Mmoja alitazama maji, mwingine viatu vyake. Nilihamia ubao wa yule msichana nikamshika bega, nikamwambia kwamba kweli, wakati mwingine huwa nalia nikifika nyumbani. Hakujua acheke au azidi kulia, akafanya yote mawili.

Mzee aliwasha injini tena, safari hii polepole. "Hiyo Kijaluo si ya kusomea," akasema. "Hiyo ni ya hapa hapa mjini."

"Nilizaliwa hapa, Mzee."

Akaitikia kwa kichwa, akatugeuza kuelekea ufuoni.

Naibu alinifuata watoto walipokuwa wakikamua soksi. Suruali yake ilikuwa imelowa nyuma.

"Ile siku ya kwanza," alisema.

"Nilisikia."

"Yote?"

"Mpaka mbu."

Hakucheka. "Ungenijibu tu, Mwalimu. Ningeomba msamaha siku ileile."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

Nilimwambia tu kwamba kwenye ripoti nitaandika boti haikuwa katika ratiba, na kwamba mimi pia niliipanda. Akasema niandike, naye atatia sahihi. Kisha akasema pole, kwa Kijaluo, neno moja lile linalotosha pia kuwa salamu. "Mos."

Ndani ya basi msichana alikuja kukaa nami, akauliza nyumba yetu ilikuwa wapi. Nikamtajia barabara, nalo jina likapita kiti hadi kiti mpaka likamfikia dereva, naye akasema barabara ile hata haiko mbali. Nilitaka kukataa. Tulipofika nilionyesha jengo, kisha nikagundua silo, nikaonyesha la pili. Palikuwa na mabango ya simu na mlango wa chuma ambao sikuutambua. Watoto walijazana upande mmoja wa basi kutazama mlango wa chuma, nikawaambia kwa Kiswahili wakae chini, na hakuna hata mmoja aliyekaa.

Kesho yake nilimpigia mama simu. Nilimweleza yote, boti, kiboko, maneno yaliyonitoka.

"Na ule mlango wa nyuma," akauliza, "wa kutokea kwa jirani. Bado upo?"

"Sikuona, mama. Basi lilipita tu."

"Basi halikuweza kusimama?"

"Lingeweza."

"Ungeshuka," alisema, kwa ukali kidogo, kama kwamba ni mimi niliyemwambia yeye asirudi. Tukabaki tumeshika simu, kila mmoja akimngoja mwenzake aseme twende lini.